112, 114, 115... hivi kwanini isiwe namba moja tu ya dharura?

Kijiwe_Tandika:
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni tumebishana mpaka muuza kahawa akatutishia kufunga. Swali lenyewe dogo tu. Bodaboda kagongana na lori la mafuta, jamaa yuko chini anavuja damu, tenki nalo linavuja, na simu yako ina chaji asilimia 4, yaani una simu moja tu ya kupiga. Unampigia nani? Mmoja akasema 112 polisi, mwingine 114 zimamoto, mwingine akaleta 115 akabishiwa kuwa hiyo ni ya wajawazito. Tulikuwa watu tisa pale na hakuna aliyejibu bila kumwangalia mwenzake usoni. Mimi tangu ule moto wa lori Msamvu Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya mia wameteketea, hili swali halinitoki. Serikali si ingeunganisha tu hizi namba ziwe moja? Kuna kigumu gani?

Mzee_wa_Mpira:
Kijana swali zuri ila unaanzia mkiani. Mimi nimeshika mpira wa zimamoto miaka mingi, sasa hivi nafuga kuku. Zamani zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri, kila mji na lwake, sheria ya 2007 ndio ikatufanya jeshi moja chini ya Mambo ya Ndani. Kwahiyo kuunganisha kunawezekana, tuliunganishwa sisi na magari yetu mabovu na mazima.

Ila namba hata ziwe moja, kazi inaanza ukishapokea. "Uko wapi?" "Huku kwa Mama Asha, ukipita msikiti kuna mwembe." Haya, Mama Asha wapo wangapi Dar? Unakimbia na king'ora mpaka kwenye mwembe unakuta ulishakatwa. Hapo sijataja watoto wanaopiga wakicheka, likizo za shule ndio balaa, na kila ukishika simu ya mchezo kuna mwenye moto kweli anasubiri nyuma yake. 2022 kabla ya sensa serikali ikaja na anwani za makazi, barabara zikapewa majina, nyumba zikapigwa namba, kuna mpaka programu ya NaPA ya kwenye simu. Mimi ningesema ile ndio teknolojia kubwa ya uokoaji tuliyowahi kupata na haina hata betri. Sasa muulize mtu yeyote hapo kijiweni namba ya nyumba yake.

Suka_Kahama:
Aliyesema 115 asibishiwe sana, niwape kidogo maana nipo ndani ya huo mfumo, mimi ni dereva wa jamii wa m-mama. Ni kweli ni ya wajawazito, waliojifungua na vichanga, sio ya ajali, lakini ukitaka kujua namba ya dharura inatakiwa ifanyeje angalia pale. Mama akizidiwa zahanati, nesi au ndugu anapiga 115 bure, kituo cha mkoa wanauliza maswali yao wajue hali yake na apelekwe hospitali gani, kisha mfumo unatafuta ambulansi iliyo karibu, ikiwa haipo au iko mbali ndio napigiwa mimi mwenye Noah yangu. Nikimfikisha na wahudumu wakathibitisha kapokelewa hela inaingia kwenye simu. Mara ya kwanza nilidhani natapeliwa, saa nane usiku unaambiwa nenda umbebe mtu utalipwa na kompyuta.

Ilianza kwa majaribio huku Kanda ya Ziwa, 2022 Rais Samia akaizindua iende nchi nzima. Siri yake sio kompyuta. Kuna hela imetengwa ya mafuta na safari kabla mtu hajaugua, kwahiyo hakuna kikao saa nane usiku cha nani anachangia dizeli.

Bin_Likoni:
Wa-Tz salaam, naingilia kutoka Mombasa. Huku kwetu 999 na 112 zote zaenda polisi, ambulansi ya Red Cross ukitaka wapiga 1199, kwa hivyo namba nyingi si ugonjwa wenu peke yenu. La kuwapa ni hili. Magaidi walipovamia duka kubwa la Westgate Nairobi 2013 watu 67 waliuawa, na kilichotuuma zaidi ni kuwa kikosi maalumu cha polisi cha Recce na jeshi waliingia jengo moja bila kusemezana, afisa wa Recce akauawa kwa risasi ya upande wetu wenyewe. Mwaka uliofuata serikali ikaipa Safaricom kandarasi ya karibu shilingi bilioni 15, kamera Nairobi na Mombasa, redio za polisi, vyumba vya kusimamia. Hoteli ya Dusit Nairobi ilipovamiwa 2019 mambo yaliisha kwa saa kama 19, Westgate ilikuwa siku nne. Sisemi ni kamera zilizofanya hivyo, makamanda nao walikuwa washajifunza nani aongoze. Lakini wakati wa maandamano ya 2024, vijana wakichukuliwa na magari yasiyo na namba, watu wakauliza mbona kamera hazikuona? Mkinunua vyombo andikeni mapema nani atatazama na kwa ruhusa ya nani.

Mbeba_Machela_Ohio:
Bin Likoni umegusa penyewe. Mimi niko kwenye gari la wagonjwa huku Marekani mwaka wa sita sasa. 911 ni namba moja toka 1968, lakini msidhani nyuma yake kuna ofisi moja, kaunti na miji ina vituo vyake, na pesa nyingi zinatoka kwenye makato madogo ya bili ya simu kila mwezi (najua neno tozo likitajwa hapo nyumbani mtu ananuna, nimenyamaza).

Huku nako walijifunza kwa msiba. Septemba 11, 2001, magaidi walipogonga ile minara miwili ya New York kwa ndege, polisi wa kwenye helikopta waliona mnara wa pili unakaribia kuanguka wakatangaza kwenye redio yao, zimamoto waliokuwa ndani wana redio nyingine, hawakusikia. Zimamoto 343 walikufa siku ile. Bunge lilikuja kupitisha FirstNet 2012, miaka zaidi ya kumi baadaye, mtandao wa simu wa waokoaji wenye masafa yake ya redio, kampuni ya simu AT&T wakapewa waujenge 2017. Faida yake naiona siku za mechi, uwanja umejaa watu elfu na elfu wanarusha video, simu yangu binafsi haitoi hata meseji ila ya kazi inapita, mtandao ukibanwa unawapisha waokoaji kwanza. Halafu Mzee wa Mpira, simu janja za siku hizi ukipiga dharura zinaweza kutuma zenyewe mahali ulipo, ila nchi iwe imeuwasha huo mfumo na kituo kiwe na cha kupokelea. Mwembe utapumzika.

Kijiwe_Tandika:
Nimewasoma wote. Kwahiyo lori la mafuta nipige 114 nianze na neno tenki, majeruhi nitaje hapohapo, sawa mzee?

Alafu mmenitoa kitandani na tochi kwenda kuangalia kibao cha nyumba. Fundi wa mwaka jana kakipaka rangi pamoja na ukuta! Naona 7 ya mwisho tu. Jirani wa kushoto ni 35, wife anasema basi sisi 37, ila wa kulia naye anadai 37 ni yeye na hataki kutoka nje kuonyesha.