Kalunguyeye wa uani wanaliwa usiku, mlaji ni nani?

Mkazi wa Nala: Habari za jioni wakuu. Naishi nje kidogo ya Dodoma mjini, bado kuna vichaka. Tangu mvua zianze, kalunguyeye wanaingia uani giza likitanda, wanakula mende, jongoo na kumbikumbi wanaodondoka chini ya taa ya barazani. Watoto wamewapenda. Sasa naokota ngozi chini ya mwarobaini, miiba yote ipo, nyama hakuna. Wife anawashuku mbwa wetu, jirani anasema nyegere. Niwajengee banda niwafungie?

Kiroba Mkavu: Watu tunahangaika na bei ya mahindi, mwenzetu analinda kalunguyeye 😂

Bwana Shamba Mstaafu: Ngozi imechanwachanwa au nzima?

Mkazi wa Nala: Nzima mzee, imegeuzwa ndani nje kama soksi.

Bwana Shamba Mstaafu: Basi mbwa wako hawana kesi. Huyo ni bundi mkubwa, yule wa kijivu mwenye kope za waridi. Makucha yake yanapenya kwenye miiba, anamenya, anakula, ngozi anaibwaga. Mbwa angetafuna ovyo na ungemkuta na miiba mdomoni. Chunguza chini ya huo mwarobaini, utaona madonge makavu ya mifupa na manyoya anayotapika.

Kiroba Mkavu: Bundi uani?? Hiyo mikosi. Manati ifanye kazi.

Bwana Shamba Mstaafu: Acha hizo. Bundi anakula na panya wa ghalani kwako. Halafu sheria ya wanyamapori ya 2009 inawahusu bundi na kalunguyeye wote wawili, kwa hiyo hata hilo banda achana nalo. Kumkamata mnyamapori ukamfuga bila kibali ni kesi.

Mkazi, kinachowaponza ni taa. Wadudu wanaanguka peupe, kalunguyeye anawafuata, bundi yuko juu anachagua. Zima mapema. Kisha rundika matawi ya mgunga kando ya ukuta, wapate pa kupita wakiwa wamejificha. Sehemu ya kulala: matofali machache, bati juu, mawe yakandamize, mlango upana wa kiganja. Weka mbali na nyumba, maana nyoka nao hupenda vivuli hivyo.

Mama Pacha: Mimi mbwa siwaachi hivihivi. Kalunguyeye mkubwa akijikunja mbwa atabweka mpaka achoke, lakini vitoto huzaliwa vipofu, miiba laini, na msimu wa mvua ndio wa kuzaa. Wafungulie mbwa usiku ukishakuwa mkubwa, na hilo rundo la matawi ulizungushie waya wasilifikie. Halafu msiwape maziwa, yanawaharisha. Maji kwenye kisahani yanatosha.

Mbeba Boksi UK: Huku watu hutoboa uzio tundu la sentimita 13 kwa 13 ili kalunguyeye apite bustani hadi bustani. Mkuu, kama una ukuta wa tofali, acha upenyo chini, asikwame uani akiwindwa.

Mkazi wa Nala: Shukrani wakuu. Madonge nimeyaona, mifupa tele. Wife kanyamaza 😀 Taa ya barazani nazima leo. Ila ya getini? Vibaka huku hawalali.

Mama Pacha: Hiyo weka ya sensa, iwake mtu akipita tu.