Familia ya watu sita na Highlander moja: trela gani la kupigia kambi wikendi?

Swali: Baba Neema, Burnsville, Minnesota

Habari zenu, ndugu. Tumezoea kupiga kambi kwa mahema wakati wa kiangazi, mimi, mke wangu na watoto wetu watatu, lakini sasa mama mkwe anaishi nasi na hawezi tena kulala chini wala kutembea usiku kwenda choo cha mbali. Kwa sababu hiyo tunafikiria kununua trela lenye vitanda, choo na jiko, ili tuwe tunaondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili mchana. Gari letu ni Toyota Highlander ya petroli, ambayo kitabu chake kinaruhusu kukokota ratili 5,000, yaani takriban kilo 2,270. Muuzaji ametuonyesha trela la futi 25 lenye uzito wa ratili 4,400 likiwa tupu, akatuhakikishia kuwa linafaa. Je, ni kweli? Na je, kwa siku mbili tu, kazi ya kuunganisha, kupanga na kusafisha haitameza mapumziko yote?

Jibu: Dereva wa Masafa, Iowa

Ndugu Baba Neema, muuzaji amekutajia uzito ulio mwepesi kuliko wote. Ratili 4,400 ni uzito wa trela lilipotoka kiwandani, kabla ya kuingizwa maji, vyombo, matandiko, vyakula na baiskeli za watoto. Tangi la maji safi la galoni 40 peke yake likijaa huongeza ratili zaidi ya 330. Familia ya watu sita ikishapakia vitu vyake, kikomo cha 5,000 kitakuwa kimefikiwa au kupitwa hata kabla hamjatoka mtaani kwenu.

Hata hivyo, kikomo kitakachowabana zaidi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, kinachotaja uzito wa juu wa abiria na mizigo kwa pamoja. Trela halivutwi tu, bali pia hulilalia gari: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake hukaa juu ya kiungio cha nyuma, na uzito huo huhesabiwa kama mzigo wa gari. Tuseme kibandiko chenu kinaonyesha ratili 1,400, na ninyi sita kwa jumla mna ratili 740. Zinabaki 660. Mkichukua trela ambalo likiwa limepakiwa lina ratili 4,000, kwa asilimia 12 kiungio kitabeba 480, na mtabakiwa na 180 za vyuma vya kuunganishia na kila kitu mtakachoweka kwenye buti. Kwa hiyo tafuteni trela ambalo likiwa tupu halizidi ratili 3,000 hivi, kisha lipimeni likiwa limepakiwa kwenye mizani ya malori iliyopo kwenye vituo vikubwa vya mafuta.

Msijaribu kupunguza uzito wa kiungio kwa kusogeza mizigo nyuma ya trela, kwa maana hicho ndicho chanzo kikubwa cha trela kuyumba barabarani. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shikilia usukani bila kuupigapiga, na utumie breki za trela kwa mkono kupitia kifaa chake. Sheria ya Minnesota hudai breki kwa trela lenye uzito wa jumla wa ratili 3,000 au zaidi, hivyo gari lenu litahitaji kufungwa kifaa hicho karibu na usukani. Upepo wa matairi upimwe yakiwa ya baridi, na mwendo usizidi maili 65 kwa saa, kwa kuwa baadhi ya matairi ya matrela hayakutengenezwa kwa zaidi ya hapo.

Jibu: Mama Salma, Saint Paul

Shemeji, hesabu za uzito nawaachia madereva. Mimi nitajibu swali la pili, na jibu langu ni kwamba mapumziko humezwa na umbali kuliko kazi. Kwa usiku mbili msiende zaidi ya saa moja na nusu kutoka nyumbani. Itasca, kwenye chanzo cha mto Mississippi, ni pazuri sana, lakini kutoka kwenu ni safari ya saa nne mkiwa na trela, kwa hiyo iachieni wikendi ndefu. Anzeni na Lebanon Hills Campground iliyopo Apple Valley, ambayo kwenu ni jirani kabisa na ina nafasi zenye umeme, maji na bomba la majitaka papo hapo. Mkiwa mmesahau kitu, mmoja wenu atakifuata nyumbani na kurudi kabla wali haujaiva. Baadaye jaribuni Baker, upande wa magharibi wa Minneapolis, au Wild River kandokando ya mto St. Croix. Nafasi za hifadhi za jimbo hufunguliwa siku 120 kabla, na zile zenye umeme za Julai huisha mapema mno.

Kuhusu jiko, pikeni pilau na mchuzi nyumbani siku ya Alhamisi, mgandishe, kisha kambini mpashe moto tu. Vyakula vya kukaanga vipikwe nje kwenye jiko la gesi, kwa sababu harufu ya kitunguu hukaa kwenye magodoro hadi wikendi inayofuata. Nafasi ya umeme ya ampia 30 hutoa wati 3,600, hivyo kiyoyozi, birika na maikrowevu vikiwashwa kwa pamoja umeme hukatika. Kuni zinunuliwe huko huko na ziwe zilizoidhinishwa. Msibebe za nyumbani, kwa kuwa husambaza yule mdudu wa kijani anayetoboa na kuua miti, ambaye aligunduliwa Minnesota mwaka 2009.

Choo ndicho kinachowatisha wengi bila sababu. Valvu ya tangi la choo ifungwe wakati wote mkiwa kambini, hata kama mmeunganishwa na bomba, ili maji yasitangulie na kuacha uchafu umeganda chini. Siku ya kuondoka lifungulieni kwanza tangi hilo, halafu lile la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, ambayo yatausafisha mpira wa kutolea majitaka. Sisi tunaotumia maji badala ya karatasi tangi letu hujaa upesi zaidi, lakini halizibi.

Jibu: Mzee wa Duluth

Wenzangu wamejibu vizuri, ila wamepokea kama jambo lililokwisha amuliwa kwamba trela litanunuliwa. Mimi siafiki. Kiangazi chetu ni kifupi, na kufikia Oktoba ni lazima mabomba ya trela yakaushwe na kutiwa ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, la sivyo yatapasuka. Ongezeni bima, na kodi ya maegesho iwapo mji au mtaa wenu hauruhusu trela kukaa uani. Kodini kwanza. Wapo wamiliki wanaolileta trela hadi kambini, wakalisawazisha na kuliunganisha, ninyi mkafika na Highlander yenu bila kukokota chochote.

Baba Neema

Nawashukuru nyote. Nimekwenda kusoma kibandiko cha mlango: kinasema ratili 1,365, hivyo trela la muuzaji tumeliacha. Tutakodi la kuletewa, Lebanon Hills, mwezi wa Septemba. Je, kwa ajili ya mama mkwe tuangalie nini hasa?

Mama Salma

Angalieni kitanda chake kisiwe cha juu wala kile cha kukunjua kutoka kwenye meza, maana atalazimika kuwasubiri nyote mmalize chakula ndipo alale. Ngazi za mlangoni ziwe pana na ziwe na mshikio. Muombeni mwenye trela picha ya choo mlango ukiwa wazi, kwani vingine ni vyembamba kiasi kwamba mtu mzima hawezi kugeuka. Na mtengenezeeni nafasi ya kiti chake chini ya turubai la ubavuni, kwa sababu huko ndiko atakakokaa mchana kutwa.