Tupeane uzoefu: samadi, mboji au mbolea ya dukani kwenye bustani ya nyumbani?

Tuta la Tano

Wakuu, swali hili linarudi kila msimu na kila mara linaishia kwenye ubishi wa "asili" na "kemikali". Safari hii tubishane kwa vipimo. Ukichangia taja zao, udongo, kiasi, na kinachoharibika kiasi kikizidi au wakati ukikosewa. Hadithi za shamba la mjomba tuziweke kiporo.

Naanza na hesabu. Tuta la mita 1 kwa 5 la sukuma wiki linataka takribani gramu 50 hadi 60 za naitrojeni kwa msimu. Ukizitafuta kwenye urea (mbolea ya dukani yenye naitrojeni asilimia 46) unahitaji kama gramu 130. Kwenye CAN (naitrati ya amonia iliyochanganywa na chokaa, naitrojeni asilimia 26), gramu 230. Kwenye samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri na bado ina unyevunyevu, ndoo 2 za lita 20, yaani kilo 20 hivi.

Kwenye samadi ndipo wengi wanapoteleza. Kilo 20 zenye naitrojeni asilimia 1 zina gramu 200, kwa hiyo mtu anasema "mbona imezidi?" Haijazidi. Sehemu kubwa bado imefungwa ndani ya mabaki, na mmea hauipati mpaka vijidudu vya udongoni viyavunje. Msimu wa kwanza utapata kama theluthi, iliyobaki inakuja polepole misimu inayofuata. Ndiyo maana anayeweka samadi mara moja akaona majani bado ya njano baada ya wiki 3 anaitukana bure.

Kwa mzizi, naitrati (naitrojeni iliyo tayari kunyonywa) iliyotoka zizini na iliyotoka kwenye mfuko wa kilo 50 ni kitu kimoja. Tofauti ni kasi, na kile kinachobaki udongoni mmea ukishakula. CAN haikuachii chochote cha kushika maji.

Kipimo cha mtaani: kisoda kimoja (kizibo cha chupa ya soda) kilichosawazishwa juu ni kama gramu 5. Usiniamini, nenda na visoda 20 vya mbolea yako kwenye mizani ya duka, ugawe kwa 20.

Kopo na Gunia

Hiyo hesabu ni ya tuta. Kwenye ndoo, makopo na magunia mambo yanabadilika, maana chumvi ya mbolea haina pa kwenda.

Mchanganyiko wa kujaza: udongo wa juu madebe 2, mboji debe 1, mchanga nusu debe kama udongo ni wa mfinyanzi. Samadi mbichi hapana kabisa, inapata joto ndani ya gunia na kuchoma mizizi. Mbolea ya dukani usichanganye kavu wakati wa kujaza. Subiri miche ishike, wiki ya 3, ndipo uyeyushe kisoda 1 cha CAN kwenye lita 5 za maji. Ndoo ya lita 20 yenye mmea mmoja inapata lita 1 ya maji hayo kila baada ya siku 10 hadi 14, na udongo uwe umeshalowa kabla. Udongo mkavu ukipokea maji ya mbolea, ncha za mizizi zinaungua.

Dalili ya kuzidisha: kingo za majani zinakauka rangi ya kahawia kuanzia majani ya chini, na juu ya udongo au pembeni mwa kopo kunatokea ukoko mweupe. Kwangua ukoko, kisha mimina maji safi mara 2 ya ujazo wa chombo, taratibu, yatoke chini. Chombo kisicho na matundu chini hakina dawa, kitoboe kwanza.

Bwana Shamba Mstaafu

Naongezea urea, kwa sababu ndiyo inayopotezwa kuliko zote.

Urea ikikaa juu ya udongo wenye unyevu na joto inageuka kuwa amonia ndani ya siku chache, na sehemu yake inapaa hewani. Juu ya matandazo ya majani ni mbaya zaidi, maana kimeng'enya kinachoivunja kimejaa humo. Mtu anamwaga visoda 5, mmea unapata pengine 3. Tibu kwa njia mbili: ifukie sentimita 5 chini, au mwagilia papo hapo lita 10 hadi 15 kwa kila mita ya mraba ili izame. Manyunyu hayatoshi. Yanaiyeyusha tu ikabaki juu.

Na jambo moja nalikataza kila siku: majivu pamoja na mbolea. Majivu yanapandisha uchungu wa magadi udongoni, na naitrojeni ya amonia iliyomo kwenye DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi), SA (salfeti ya amonia), CAN na hata samadi mbichi inafukuzwa. Jaribu uone: chukua punje chache za DAP, zitie tone la maji kiganjani, nyunyiza majivu, sugua, kisha nusa. Ile harufu inayokupanda puani ndiyo pesa yako. Majivu ni mazuri kwa potasiamu na chokaa, ila yaweke wiki 2 au 3 kabla ya mbolea, konzi 2 kwa mita ya mraba, na kwenye udongo wenye tindikali tu.

Kanawe mikono baada ya jaribio.

Mama Mchicha

Mchicha na samadi ya kuku, kwa sababu mjini ndiyo inayopatikana.

Kinyesi cha kuku kina naitrojeni mara 2 hadi 3 ya samadi ya ng'ombe, na kikiwa kibichi kinatoa amonia nyingi. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, inachipua na kufia shingoni kabla hujaiona, halafu unalaumu mbegu. Rundika samadi, ilowe kiasi, ifunike kwa turubai, igeuze kila wiki, kwa wiki 6 hadi 8. Kujua kama imeiva: jaza kopo la kioo nusu, funga, liache usiku mzima. Ukifungua asubuhi macho yakakuwasha, bado.

Kiasi: kilo 1 ya iliyoiva na kukauka kwa kila mita ya mraba, changanya na udongo wa juu sentimita 15, mwagilia, ngoja siku 7 hadi 10, ndipo usie. Mchicha wa kung'oa wa wiki 3 hadi 4 hauhitaji kitu kingine. Ule wa kukata na kuachia, baada ya kila kata weka visoda 3 vya CAN kwenye lita 10 za maji kwa mita moja ya mraba, mwaga chini, kisha suuza majani kwa maji matupu.

Maji ya samadi msiyamwage kwenye majani. Yatalisha mizizi sawa, ila yataacha vijidudu vya kuhara kwenye jani. Kwa mboga inayoliwa mbichi kama saladi, sheria ya kilimo hai ya Marekani inataka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna, kama sehemu inayoliwa inagusa udongo. Mboji iliyopata joto la kutosha haibanwi na siku hizo.

Mpita Njia

Samahani dada, samadi ya kuku wa nyama ninayoiona ni maranda matupu. Nayo ni hivyo hivyo?

Mama Mchicha

Hapana, ndugu. Maranda yana kaboni nyingi na naitrojeni karibu hakuna. Ukiyafukia, vijidudu vinavyoyala vinachukua naitrojeni ya udongo, na mboga inageuka njano wiki ya 2. Kama nusu ya unachokiona ni maranda, peleka kwenye rundo la mboji. Ukiwa umeshayafukia, kila kilo 1 ya maranda makavu inadai kama gramu 20 za urea, visoda 4. Iyeyushe na umwagilie kwa mafungu, siyo siku moja. Ama yatandaze juu kama matandazo. Juu hayana madhara hayo.

Mlima Mwekundu

Huku Vihiga na Kakamega, magharibi mwa Kenya, shida si naitrojeni pekee. Udongo mwekundu wenye tindikali unashika fosforasi: unaweka DAP, inagandana na chuma na aluminiamu, mmea unabaki mfupi na majani ya chini yana rangi ya zambarau. Kumwaga DAP tuta zima ni kuilisha udongo. Weka ndani ya shimo, kisoda 1 kwa shimo, ichanganye na konzi 2 za mboji, halafu funika kwa udongo sentimita 5 kabla ya mche. Mboji inachelewesha ule mgando. DAP ikigusa mbegu inaichoma, hata kwa kisoda kimoja.

Halafu kuna mbolea ya bure barabarani: alizeti pori, ile ya maua ya njano kwenye ua. Majani yake makavu yana naitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu karibu 4. Kata machipukizi laini kabla hayajatoa maua, yakatekate vipande vya sentimita 5, fukia kilo 2 hadi 3 mbichi kwa mita ya mraba, ngoja wiki 2 ndipo upande. Yanaoza upesi sana. Shina gumu liache, linafanya kazi ile ile ya maranda. Fosforasi yake ni ndogo, kwa hiyo DAP au TSP (mbolea ya fosforasi isiyo na naitrojeni) ya shimoni bado inahitajika.

Kijiko cha Siki

Wa mwambao msifuate hayo ya Vihiga. Unguja, Mombasa, Kilwa, palipo na mawe ya matumbawe udongo uko kinyume. Chota kijiko cha udongo mkavu, dondoshea siki. Ukitoa mapovu una chokaa tele: usiweke majivu, usiweke chokaa, na urea ya juu juu itapaa kuliko mahali pengine. Hapo SA (asilimia 21) ndiyo yenye maana, kwa sababu inashusha magadi kidogo karibu na mzizi na ina salfa. Visoda 4 kwa mita ya mraba, kila wiki 3. Kwenye udongo mwekundu wa bara, SA hiyo hiyo inazidisha tindikali.

Unga wa mawe ya fosfeti (yenye fosforasi) ya Minjingu, Tanzania, nao unayeyushwa na tindikali. Kwenye mchanga wa matumbawe unakaa tu.

Angalieni jani pia. Jani changa la njano lenye mishipa ya kijani ni chuma kimekosekana, na kuongeza naitrojeni hakusaidii. Jani kuukuu, la chini, likiwa njano lote, hapo ndipo naitrojeni imekwisha. Wengi wanatibu la kwanza kwa dawa ya la pili.

Mchanga mtupu wa Dar haushiki kitu, mvua moja ya masika inaisukuma naitrati chini ya mizizi. Gawanya kipimo mara 4 badala ya 2.

Tuta la Tano

Kuna aliyeuliza nyanya pembeni, naliweka hapa. Shimo: konzi 2 za mboji na kisoda 1 cha DAP, kama alivyosema Mlima Mwekundu. Wiki ya 3, kisoda 1 cha CAN kwa duara, sentimita 15 kutoka kwenye shina, fukia. Vitunda vya kwanza vikifika ukubwa wa gololi, kisoda 1 cha NPK 17-17-17 (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa pamoja). Urea baada ya maua sishauri: unapata kichaka cha kijani na maua yanapukutika.

Tunda likioza kitako, doa jeusi kavu chini, usikimbilie dawa ya ukungu. Kalisiamu haikufika kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu ya kumwagilia leo ndoo 3 kisha kuacha siku 4, na naitrojeni ya amonia nyingi inazidisha. Sawazisha maji, tandaza nyasi kavu sentimita 5.

Bwana Shamba Mstaafu

Samadi nayo ina mtego ambao duka halina. Ng'ombe akila majani yaliyopuliziwa dawa ya magugu ya malisho, baadhi ya dawa hizo zinapita tumboni na kubaki kwenye samadi miezi mingi. Nyanya na maharage vinajikunja: jani la juu linakuwa jembamba, limepinda kama kijiko. Watu wanadhani ni virusi.

Pima kabla ya kununua lori. Makopo 3 ya samadi iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo safi, makopo 3 ya udongo mtupu. Maharage 3 kila kopo, maji sawasawa, wiki 3. Majani ya kwanza ya utatu yakitoka yamejikunja upande wa samadi peke yake, irudishe. Kwenye mahindi na nyasi haina madhara, nafaka inaivumilia.

Kopo na Gunia

Mboji ya kujitengenezea inakwepa mengi, mradi ipate joto. Rundo lisipungue mita 1 kila upande, dogo zaidi ya hapo halishiki joto. Kwa ujazo, makavu 2 hadi 3 (majani makavu, mabua) kwa kibichi 1 (nyasi, maganda, samadi). Bana konzi: yatoke matone 1 au 2. Yakichuruzika, ongeza makavu. Chomeka nondo katikati, iache dakika 5, ivute. Ikikushinda kushika, uko kwenye nyuzi 55 hadi 65, mbegu za magugu zinakufa. Nondo ikianza kuwa vuguvugu tu, geuza, za pembeni ziende katikati. Wiki 8 hadi 12.

Mpita Njia

Nimeelewa, asanteni. La mwisho: nimebakiwa na nusu mfuko wa CAN na kilo kadhaa za urea. Naweza kuchanganya nikaweka kwenye ndoo moja?

Bwana Shamba Mstaafu

Usithubutu, mkuu. Urea na CAN zikikutana kavu zinavuta unyevu wa hewani mpaka zinakuwa uji ndani ya siku chache, na uji huo haupimiki kwa kisoda. Kila moja ndoo yake, mfuniko wa kubana, juu ya ubao na siyo sakafuni, mbali na jiko na mafuta ya taa. Andika jina kwa rangi. Kama umeshasahau ipi ni ipi, yeyusha kijiko kwenye glasi ya maji: zote zitaipoza glasi, ila urea inayeyuka yote, CAN inaacha tope la chokaa chini.