Noah imetoka kufunguliwa injini, inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Nisubiri ringi zikae au nimepigwa?

Mzigo wa Kibirizi (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma, Gungu. Nina Noah ya injini ya 3S, ndiyo nabebea dagaa kutoka Kibirizi kupeleka Kasulu. Injini ilichoka, nikaipeleka kwa fundi mmoja huku huku. Blok ikachongwa, zikaingia pistoni na ringi mpya (pete za chuma zinazoizunguka pistoni) za saizi 050, yaani kubwa kwa nusu milimita, beringi mpya, gasketi mpya. Hela iliyotoka sitaisema, mama watoto anapitapita humu.

Sasa imetembea kama kilomita 1,400, na kila kilomita 500 naongeza lita nzima ya oili. Nikishapita Mwandiga nikakanyaga mafuta kupandisha mlima na mzigo, nyuma siwaoni tena wenzangu, bluu tupu. Kifuniko cha oili nikikilegeza injini ikiunguruma, kinarukaruka kama cha sufuria ya maharage. Fundi kila siku wimbo ni uleule: "Ringi hazijakaa bado, wewe endesha tu." Naombeni ushauri.

Spana 14
Mwaga hiyo oili, weka nzito ya 20W-50 halafu upate usingizi. Yangu ilikuwa hivyohivyo.

Dada wa Ujiji
@Spana 14 na ulishaiuza, sema ukweli 😂

Fundi wa Isevya
Mkuu, oili nzito itakufichia ugonjwa mwezi mmoja tu. Mimi nipo Tabora, kazi hii nimeifanya miaka mingi. Nijibu mambo matatu kwanza. Moshi unatoka wakati gani: ukiwasha asubuhi, ukiachia mafuta kwenye mteremko, au ukikanyaga? Injini ilipowashwa mara ya kwanza ilifanyiwa nini? Na iliwekewa oili gani?

Mzigo wa Kibirizi
Asubuhi hakuna moshi kabisa. Mteremkoni kidogo sana. Nikikanyaga ndipo balaa. Siku ya kwanza fundi aliiacha inaunguruma palepale gereji tangu saa tatu mpaka adhuhuri, akasema inajizoeza. Oili nilinunua sintetiki, ile ya bei, nikajua naipenda injini yangu.

Fundi wa Isevya
Hapo pana makosa mawili, japo yote umetendewa kwa nia njema.

Moshi wa asubuhi au wa kuachia mafuta mara nyingi ni sili za valvu. Wa kukanyaga, pamoja na kifuniko kinachocheza, ni hewa ya mlipuko inapita pembeni ya pistoni kuingia chini kwenye sampu, bakuli la oili. Hizo ni ringi.

Ringi haibani ukuta kwa nguvu zake yenyewe tu. Moto wa mlipuko unapita nyuma ya ringi ya juu na kuisukuma nje dhidi ya silinda, ndipo inasagana na ile mistari ya kukatana iliyoachwa na mashine ya kusugulia blok. Injini ikiunguruma bure saa tatu nzima, mgandamizo ni mdogo, ringi hazisukumwi, oili inaungua ukutani na ukuta unang'aa kama kioo. Ukishang'aa hivyo, ringi haina pa kusagana tena. Injini mpya inawashwa, unakagua presha ya oili na uvujaji, unaingia barabarani: kanyaga kiasi, achia, kanyaga, achia. Oili iwe ya kawaida ya madini. Sintetiki ina utelezi mwingi, iache mpaka ringi zikae.

Ila usifungue kitu bado. Tafuta geji ya kompresheni, ya kupimia mgandamizo wa silinda. Injini ikiwa ya moto toa plagi zote nne, kata mafuta na umeme wa plagi, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, piga stata hadi mshale usipande tena. Kisha mimina vijiko viwili vya chai vya oili kwenye kila silinda, upime upya. Ikipanda sana, ni ringi. Isipopanda, angalia valvu au gasketi.

Mzigo wa Kibirizi
Geji nimeazima kwa jirani. Kwa psi, silinda ya kwanza 155, ya pili 150, ya tatu 105, ya nne 150. Nilipotia oili ya tatu ikaruka hadi 140, nyingine zikapanda kidogo tu. Plagi ya tatu ni nyeusi, imelowa, nyingine kavu. Ila kuna mtu kaniambia 3S inatakiwa kucheza kwenye 178, kwa hiyo zote zimekufa?

Fundi wa Isevya
Zile tatu ziko salama. Namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Kigoma mpo karibu mita 800 juu, hewa ni pungufu, ukitoa kama asilimia 9 unabaki kwenye 160 na kitu. Huku Tabora, mita 1,200, tunaona chini ya hapo. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda, ikizidi 15 hivi ujue kuna jambo. Wewe una 50.

Na ingekuwa ukuta kung'aa kwa ajili ya ule uungurumaji, zingeumwa zote nne. Hii ni moja. Hiyo haitakaa hata ukiendesha mpaka Dar.

Mtu wa Reli
Kwa ufahamu wangu fundi alipanga midomo ya ringi (pale ncha zake mbili zinapokutana) ikatazamana upande mmoja, hewa inapita hapo.

Fundi wa Isevya
Midomo tunaitawanya, sawa, lakini ringi zinazunguka zenyewe injini ikitembea, sijawahi kuona hilo peke yake likishusha silinda kiasi hiki. Mimi nawaza ringi imevunjika wakati wa kuingiza. @Mzigo wa Kibirizi, pistoni waliziingiza na kibanio cha ringi?

Mzigo wa Kibirizi
Nilikuwepo. Walikata kopo la maziwa, wakalizungushia pistoni, wakakaza na waya, wakagonga na mpini wa nyundo.

Dada wa Ujiji
Mungu wangu.

Mzigo wa Kibirizi
Mrejesho. Fundi alikataa, tukabishana siku mbili, mwisho kafungua. Pistoni ya tatu ilipotoka, ringi ya juu ilikuwa vipande viwili, kimoja kifupi kama ukucha wa kidole gumba. Tukaviweka juu ya gazeti. Hakusema kitu, akaenda kunawa mikono. Ukutani kuna mikwaruzo miwili ya wima.

Fundi wa Isevya
Pitisha ukucha kwa kukatiza mikwaruzo. Ukiteleza, sugua blok upya, osha kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe (petroli haitoi ule unga wa jiwe), ukaushe na kupaka oili palepale. Ringi mpya itumbukize silindani kabla ya kuifunga, pima mwanya wa midomo kwa fila geji: kwa upana wa silinda yako usipungue 0.35 mm. Ukucha ukikwama, ni slivu, yaani kuchomeka ukuta mpya wa chuma ndani ya silinda.

Mzigo wa Kibirizi
Unakwama. Blok ipande treni ije huko?

Fundi wa Isevya
Ipakie. Ila isikae behewa moja na dagaa.