Mtoto anahesabu "moja, mbili, nyingi", nimwache au nimfundishe kwa nguvu?

MamaKadogo: Habari zenu wadau. Binti yangu ana miaka miwili na nusu, akihesabu kitu chochote ni moja, mbili, nyingi, kamaliza. Ndege watatu ni nyingi, wakijaa mti mzima bado ni nyingi. Cha ajabu ukimwambia ataje namba anashuka moja mpaka kumi bila kukosea, sasa hapo anajua au hajui? Nyumbani tumeipenda hesabu yake mpaka juzi nimemuuliza baba yake zimebaki nguo ngapi za kupiga pasi akajibu "nyingi", tumecheka mpaka machozi. Ila moyoni nina wasiwasi kweli.

Ticha wa Chekechea: Ondoa hofu dada. Kutaja namba na kujua idadi ni vitu viwili, umri huo ile moja mpaka kumi kwake ni kama wimbo tu. Chukua vifuniko vya chupa umwambie nipe viwili, huenda akapatia, sema nipe vitatu uone atakavyochota konzi nzima. Wanaelewa moja kwanza, miezi ikapita wakaelewa mbili, halafu tatu, baadaye kuna siku zote zinamfungukia. Wewe hesabu naye vitu vya kushika, na ukifika mwisho mwambie "viko vitatu", ajue namba ya mwisho ndio jibu lenyewe.

Mzee wa Data: Mbona hata sisi wakubwa jicho letu linaishia nne tu! Mwaka 1871 William Stanley Jevons, mchumi wa Uingereza, aliandika jaribio alilojifanyia mwenyewe, anarusha maharage kwenye kiboksi, anatupia jicho mara moja, anataja idadi. Alirudia zaidi ya mara 1,000, yakiwa matatu au manne hakukosea hata mara moja, yalipofika matano ndio makosa yakaanza. Na mimi nikihesabu kura kwa vijiti, kile cha tano nakilaza juu ya vinne, bila hivyo navurugika.

Nahau: Mnasahau kitu kimoja, Kiswahili kinampa mtoto kazi ya ziada. Mbili hiyohiyo leo ni viwili, kesho wawili, mara mawili, mara miwili, halafu akifika sita na saba hazibadiliki kabisa kwa sababu zimetoka Kiarabu. Kwa hiyo mama usiruke ruke, wiki hii hesabu vitu vya aina moja tu, vifuniko basi. Na ndege ni wengi jamani, sio nyingi, ila hilo atalirekebisha mwenyewe akikua.

MamaKadogo: Asanteni sana, mmenitua mzigo. Nimejaribu sasa hivi, nimeomba viwili kanipa viwili, nimeomba vitatu kanimwagia vyote saba mkononi anasema "nyingi mama, chukua". Kesho tunaanza na vitatu.