Grini ya gofu ya nyasi bandia nyuma ya nyumba: udongo wa mfinyanzi, mteremko wa 5%

Mpole_wa_Shimo aliandika:

Wakuu, habarini. Nataka kutengeneza grini (uwanja wa nyasi fupi wenye mashimo ya gofu) ya nyasi bandia nyuma ya nyumba kwa mazoezi ya kusukuma mpira shimoni. Eneo ni mita 5 kwa 8. Udongo ni wa mfinyanzi, mvua ikinyesha maji yanatuama, na ndani ya hizo mita 8 ardhi inashuka sm 40.

Mpango wangu: kuchimba sm 10, kumwaga mchanga na kuushindilia, kutandika nyasi, kisha kunyunyizia mifuko 8 ya mchanga wa silika, kilo 25 kila mmoja. Nataka na mawimbi kidogo, yaani miinuko na mabonde madogo. Mashimo matatu, nitatumia vipande vya bomba la PVC la mm 110.

Naomba kujua: mchanga unatosha kuwa msingi? Nichukue nailoni au polipropilini, ikiwa nataka pia kupiga chipu (mpigo mfupi wa kuinua mpira) kutoka kama mita 10? Na ni nini huwa kinaharibika mapema?

---

Mshindilia_Kokoto alijibu:

Mkuu, kwanza futa mchanga kwenye msingi. Chembe zake ni za mviringo na karibu zote saizi moja, hazishikani. Utaushindilia mpaka uchoke, halafu ukikanyaga kwa kisigino unazama, na mvua ikipita chini yake unahama. Unachohitaji ni kokoto iliyosagwa yenye saizi mchanganyiko, kuanzia vumbi hadi mm 20. Ndogo zinaziba nafasi za kubwa na vyote vinafungana. Juu yake weka vumbi la mawe la kwari, mm 0 hadi 5, unene wa mm 25 na si zaidi ya mm 30. Likizidi hapo linakuwa laini, na mawimbi uliyotaka yanabonyea ndani ya msimu mmoja.

Pili, mteremko. Sm 40 kwa mita 8 ni asilimia 5. Kwenye nyasi bandia zenye kasi ya kawaida (yaani jinsi mpira unavyotambaa juu yake) mpira ukipita shimo unaweza usisimame, ukateremka hadi ukingoni. Shusha mteremko wa jumla uwe asilimia 2, yaani sm 16 kwa mita 8: maji bado yatatoka na mpira utasimama. Sm 24 zinazobaki zigawe nusu kwa nusu. Upande wa juu chimba sm 12 zaidi, upande wa chini inua sm 12 na uweke ukingo wa matofali au zege wa kuzuia. Muhimu: kule chini usijazie kwa udongo uliouchimba juu. Mfinyanzi uliochimbuliwa haurudi kuwa mgumu kama ulivyokuwa, utatitia. Jazia kokoto tupu. Kabla ya kujaza, ng'oa majani na udongo wote mweusi wenye mizizi, kwa sababu mizizi ikioza inaacha mashimo.

Mpangilio, kuanzia chini: udongo wa asili ulioshindiliwa, kitambaa cha jiotekstaili (bila hicho mfinyanzi unapanda na kuchanganyika na kokoto), kokoto sm 10, vumbi mm 25. Kokoto iwekwe kwa tabaka mbili za sm 5, kila moja inyunyiziwe maji na kupitiwa na mashine ya kushindilia mara tatu au nne, kila safari ukikatiza njia ya kwanza. Ukimwaga sm 10 kwa mpigo mmoja, juu panakuwa pagumu na chini panabaki tifutifu. Unyevu nao una kiasi: finya vumbi mkononi, likishika umbo bila kutoa maji, lipo sawa.

Mawimbi yachongwe kwenye kokoto, siyo kwenye vumbi. Na kuzunguka kila shimo, nusu kipenyo cha mita 1, mteremko usizidi asilimia 3.

Ukimaliza, usikimbilie kutandika nyasi. Pitisha rula ya mita 3 kila upande: palipokusudiwa kuwa tambarare, mwanya chini yake usizidi mm 3. Kanyaga kwa kisigino, pasibaki alama. Mwagilia maji kwa mpira wa bustani, palipotuama pazungushie chaki. Dimbwi la mm 2 usilifukie kwa vumbi la mm 2, litabanduka kama rangi kuukuu. Kwaruza sm 1 kwenda chini, lowesha, jaza, shindilia upya. Kisha sukuma mpira juu ya vumbi lenyewe. Ukipinda mahali usipotarajia, nyasi hazitaficha kosa hilo.

---

Nyuzi_na_Mchanga alijibu:

Naunga mkono hayo ya msingi. Naongeza kuhusu nyasi.

Kabla ya kuchagua aina, angalia upana wa roli. Nyingi zina futi 12 au 15, yaani mita 3.66 au 4.57. Kwa upana wa mita 5 lazima uwe na kiungo katikati ya uwanja wako. Mimi ningepunguza grini iwe mita 4.4, roli moja inatosha na inabaki ya kukata pembeni, kisha hizo sm 60 zilizosalia ziwe ukanda wa nyasi ndefu, mm 30 hadi 40. Kiungo kizuri kinawezekana, lakini mpira unaotambaa polepole utakigundua kabla ya macho yako. Ukilazimika, kata mistari miwili au mitatu ya mshono ukingoni mwa kila kipande, nyuzi zote zilale upande mmoja, na utumie tepe ya upana wa sm 30 na gundi ya poliyurethani. Misumari haiingii ndani ya grini kamwe, ni ya pembeni tu: ya mabati, sm 12 hadi 15, kila baada ya sm 15.

Nailoni huwa fupi, mm 10 hadi 15, haihitaji mchanga na kasi yake imepangwa kiwandani. Kwa kusukuma tu ni tamu na haina matunzo mengi. Kwa chipu haifai: mpira ukitua unaruka kama umeangukia sakafuni. Kwa kuwa umesema mita 10, chukua polipropilini ya mm 25 inayojazwa mchanga. Mchanga unameza nguvu ya mpira, na kasi unaipanga mwenyewe.

Hapo ndipo hesabu yako ya mifuko 8 inapokwama. Nyuzi za mm 25 zinahitaji kilo 25 hadi 30 kwa mita ya mraba. Eneo la mita 4.4 kwa 8 ni mita 35 za mraba, kwa hiyo kilo 875 hadi 1,050: mifuko 35 hadi 42. Kwa mifuko 8 nyuzi zitalala chali, na mpira utafuata ulazo wao badala ya mteremko. Chukua silika ya chembe za mviringo, mm 0.3 hadi 0.6, iliyokauka kabisa. Yenye kona kali inakata nyuzi.

Tandaza nyasi juani saa chache kabla ya kuzifunga, mikunjo ya roli itoke. Halafu mchanga kidogo kidogo, tabaka nyembamba, kila tabaka ukipiga brashi ngumu dhidi ya ulazo wa nyuzi ili zisimame na mchanga ushuke kati yake. Simama ncha za nyuzi zikibaki mm 2 au 3 juu ya mchanga. Nyasi zikiwa na umande, acha mpaka zikauke: mchanga utaganda juu na hautashuka.

---

Kikombe108 alijibu:

Kuhusu bomba la PVC. Hizo mm 110 ni kipenyo cha nje. Lenye ukuta wa mm 3.2 linabaki na mm 103.6 ndani, wakati shimo halali la gofu ni mm 108. Kwa mazoezi wengine wanapenda shimo dogo, lakini bomba halina kitako cha kushika bendera. Nunua vikombe vyenyewe vya shimo la gofu.

Viweke kabla ya vumbi, angalau sm 90 kutoka ukingoni. Chimba shimo la upana wa sm 20 na kina cha sm 25, sm 10 za chini kokoto safi ili maji yashuke (kwenye mfinyanzi, tundu la maji lililo chini ya kikombe peke yake halitoshi), kisha kikombe na zege pembeni. Ukingo wake uwe sawa na uso wa vumbi, hata mm 1 usiwe juu, vinginevyo nyasi zinatengeneza kichuguu na mpira unakwepa. Ziba kwa kitambaa ukiwa unasambaza vumbi.

Nyasi zikishafungwa pembeni, papasa mpaka uhisi tundu, toboa katikati, kata kwa umbo la nyota, ndipo ufuate ukingo kwa wembe mpya. Anza padogo.

---

Mpole_wa_Shimo aliandika:

Asanteni sana. Kokoto niagize kiasi gani? Na kasi napimaje?

---

Mshindilia_Kokoto alijibu:

Kokoto iliyoshindiliwa ni 35 × 0.1 = mita 3.5 za ujazo, ikiwa tifutifu agiza 4.5. Vumbi agiza 1.2. Hiyo ni grini tu. Ongeza ya kujazia upande wa chini, ya ukanda wa nyasi ndefu, na ya kufidia udongo mweusi utakaoondoa.

---

Nyuzi_na_Mchanga alijibu:

Kasi hupimwa kwa stimpmeter, ufito wenye mfereji, urefu inchi 36, na kikato cha kushikia mpira inchi 30 kutoka ncha ya chini. Inua taratibu mpaka mpira uachie wenyewe kwenye pembe ya digrii kama 20, pima umbali kwa futi, mipira mitatu kwenda na mitatu kurudi. Kwenye mteremko usichukue wastani wa kawaida, unadanganya. Zidisha ya kushuka kwa ya kupanda, zidisha kwa 2, gawa kwa jumla yao. Mfano kushuka 12, kupanda 8: 192 ÷ 20 = 9.6.

Lenga 9 hadi 10. Ukitaka zaidi, ongeza mchanga kidogo na upitishe rola iliyojazwa maji. Ikizidi, piga brashi nyuzi zisimame. Fanya vipimo hivyo baada ya mvua mbili tatu, kwa sababu mchanga bado utashuka na utahitaji mfuko mmoja au miwili ya nyongeza.