Mwanapatholojia mpya aanze na kipi: mshahara mkubwa au mkubwa wa kumwonyesha slaidi?

MTOA HOJA

Madaktari wanaokaribia kumaliza ubingwa wa patholojia, yaani utambuzi wa magonjwa kwa kusoma tishu na seli kwenye vioo vya hadubini (slaidi), huulizana swali moja kila mwaka: mshahara wa kuanzia ni kiasi gani, na nani analipa zaidi? Swali ni halali, wala simlaumu anayeliuliza. Hoja yangu ni kwamba mshahara ukitajwa peke yake haumwambii daktari jambo lolote la maana, na kwamba katika ajira ya kwanza yapo mambo mawili yanayopaswa kuulizwa kabla ya fedha: atasoma kesi ngapi, na kesi ikimshinda atampelekea nani.

Nianze na wingi wa kesi. Tuchukue madaktari wawili waliomaliza pamoja, wakaajiriwa kwa mshahara uleule, mmoja akasoma kesi 3,000 kwa mwaka na mwenzake 6,000. Kwa kila kesi, huyu wa pili amelipwa nusu ya mwenzake, ingawa hati zao za malipo zinafanana hadi shilingi ya mwisho. Tena kesi zenyewe hazilingani uzito. Kidole tumbo kilichovimba kinaweza kumalizwa kwa dakika chache, lakini titi lililoondolewa lote pamoja na tezi za kwapa huja na vipande vingi vya kukata, kupima kingo, kuhesabu tezi na kuandikia ripoti ambayo daktari wa saratani atapangia tiba kwa kufuata kila mstari wake. Mkataba unaotaja mshahara bila kutaja mzigo huu ni mkataba uliofichwa nusu yake.

Ajabu ni kwamba katika kona nyingine za fani yetu jambo hili lilikwisha kuonekana zamani. Nchini Marekani, kanuni za maabara zinamzuia mtaalamu anayechuja slaidi za sitolojia (za seli moja moja, si vipande vya tishu) kuvuka slaidi 100 ndani ya saa 24, na hizo 100 hazipaswi kusomwa kwa chini ya saa 8, kwa sababu jicho lililochoka huruka seli mbaya. Mwanapatholojia anayesoma vinyama, yaani vipande vya tishu, hana ukomo wa namna hiyo katika kanuni hizo. Anaweza kuletewa trei juu ya trei hadi usiku, na hakuna atakayesema sheria imevunjwa.

Jambo la pili ndilo linalonigusa zaidi. Mtihani wa ubingwa unathibitisha kwamba daktari anajua, lakini kujua si sawa na kutia saini. Katika miaka yote ya mafunzo, chini ya ripoti palikuwa na jina la mwalimu, na siku ya kwanza ya ajira jina hilo linaondoka. Chukulia sindano ya tezi dume: ukanda mwembamba wa tishu, na pembeni kabisa tezi tatu au nne ndogo zilizobanana, viini vyake vimekuza vinundu kidogo, lakini si kwa kiasi cha kumtoa mtu shaka. Rangi za kingamwili zinaweza kuonyesha kama seli za msingi, ambazo kwa kawaida hukosekana kwenye tezi zenye saratani, zipo au hazipo, isipokuwa mara nyingine tezi zenyewe hukatwa zikaisha kabla rangi haijafika. Ukiandika saratani isiyokuwepo, mtu anaweza kuondolewa kiungo na kuishi na madhara yake maisha yote. Usipoiandika ile iliyopo, anarudi nyumbani nayo. Kesi ya namna hii haihitaji daktari mwenye mshahara mkubwa, bali daktari mwenye mkubwa wake chumba cha pili, aweke slaidi kwenye hadubini ya vichwa viwili na kumwambia, "Mkubwa, hebu nitazamie hapa."

Uzito huongezeka kwa sampuli zinazogandishwa wakati mgonjwa yuko mezani amefunguliwa na daktari wa upasuaji anasubiri jibu. Kipimo kinachokubalika kwa sampuli moja ni jibu ndani ya dakika 20. Ndani ya dakika hizo hakuna nafasi ya kufungua kitabu wala kumtafuta mwalimu wa zamani kwa simu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: miaka miwili au mitatu ya kwanza itafutwe mahali penye wakubwa na kesi za aina nyingi, hata kama mshahara unazidiwa na wa mahali pengine. Nakaribisha wanaopinga.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mheshimiwa mtoa hoja, nakuheshimu, lakini napinga, na naomba nieleze kwa nini ushauri huu, uliotolewa kwa nia njema, umekuwa ukiwaumiza vijana.

Daktari huyu unayemwambia avumilie mshahara mdogo amekaa chuo cha udaktari miaka mitano au sita, akafanya mafunzo ya vitendo, akaingia ubingwa wa miaka mitatu hadi mitano, na wengi wakaongeza mwaka mmoja au zaidi wa ubobezi. Anaanza kupokea mshahara kamili wakati wenzake aliosoma nao sekondari wamekwisha kujenga na kusomesha. Wengine wana mikopo ya masomo ambayo riba yake haikusubiri wamalize. Zaidi ya hapo, mshahara wa kuanzia hauishii mwanzoni. Nyongeza za kila mwaka hupigwa kwa asilimia juu yake, mara nyingi pensheni nayo huufuata, na mwajiri wa pili hukuuliza ulikuwa unalipwa kiasi gani. Aliyeanza chini huburuta pengo hilo kwa miaka mingi.

Lakini hoja yangu kubwa ni hii: mshahara umeandikwa, malezi hayakuandikwa. Mwajiri asipokulipa unaweza kumshtaki, kwa kuwa mkataba unao. Asipokupa huyo mkubwa wa kukutazamia slaidi, utamshtaki kwa kifungu gani? Wangapi wameahidiwa kukaa na bingwa mwenye uzoefu, wakafika na kukuta ameshastaafu, au yuko siku moja kwa wiki, au yupo lakini mlango wake haufunguki? Ndivyo ilivyo hata kwa ahadi za ubia katika vikundi binafsi. Kijana analipwa pungufu kwa miaka kadhaa kwa matarajio kwamba atakuwa mbia, kisha kikundi kinauzwa kwa kampuni kubwa kabla siku hiyo haijafika, na wanaogawana fedha ya mauzo ni wale waliokuwa wakimtaka avumilie. Ndiyo maana nawashauri vijana wachukue kilichoandikwa.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi niko upande wa uchunguzi wa vifo, na naona sisi tunasahaulika katika mjadala huu. Nchini Marekani, anayetaka kuwa bingwa wa patholojia ya mahakama huongeza mwaka mzima wa mafunzo baada ya ubingwa, kisha kwa kawaida huenda kulipwa pungufu ya mwenzake wa hospitali ambaye hakuuongeza, kwa sababu mwajiri wake ni serikali. Matokeo yake ni uhaba wa muda mrefu, na uhaba huo unageuka kuwa maiti nyingi zaidi kwa waliobaki.

Hata hivyo namuunga mkono mtoa hoja katika suala la mzigo, kwa sababu kwetu namba zipo na zinafanya kazi. Chama cha kitaifa cha wachunguzi wa vifo cha huko kinapendekeza daktari mmoja asizidi uchunguzi wa maiti 250 kwa mwaka, na kituo ambacho daktari wake anavuka 325 hakipati ithibati kamili. Ukiwa na namba kama hiyo, unaweza kukaa na mwajiri na kumwambia kwamba anachokuomba ni kazi ya watu wawili. Wa hospitali wangekuwa nayo, mazungumzo yao ya mshahara yangekuwa mengine kabisa.

MCHANGIAJI WA TATU

Naongoza maabara, kwa hiyo nitasema upande wa mwajiri bila kuficha. Bingwa mpya husoma polepole, huagiza rangi za ziada kwa wingi, na kila saa ambayo mkubwa anakaa naye ni saa ambayo kesi za huyo mkubwa zinalala. Gharama hiyo lazima ionekane mahali fulani, na mshahara wa kuanzia ulio chini ndipo inapoonekana. Sioni dhuluma hapo.

MTOA HOJA

Nashukuru kwa michango. Nianze na kiongozi wa maabara, maana hoja yake ndiyo hutolewa mara nyingi, na naiona ina hatari.

Gharama ya kumlea bingwa mpya ni ya kweli, lakini gharama ya kutomlea, au ya kumlipa vibaya hadi akaondoka, hulipwa na mtu ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo ya mkataba. Katika jimbo la Newfoundland and Labrador nchini Kanada, kati ya 1997 na 2005, vipimo vya vipokezi vya homoni katika saratani ya matiti, vinavyoonyesha kama dawa ya kuzuia homoni itamfaa mgonjwa, vilitoa majibu yasiyo sahihi kwa wagonjwa karibu 400, na baadhi yao wakakosa dawa ya kuzuia homoni ambayo ingewafaa. Tume iliyoongozwa na jaji Margaret Cameron ilitoa ripoti yake mwaka 2009, na miongoni mwa yaliyojitokeza ni udhibiti dhaifu wa ubora katika maabara ambayo wataalamu wake walikuwa wakija na kuondoka. Tume ikiwa bado kazini, mwaka 2008, serikali ya jimbo ilipandisha malipo ya wanapatholojia na madaktari wa saratani. Fedha ilipatikana, lakini baada ya madhara. Sisemi kwamba mshahara mdogo ndio uliosababisha makosa ya vipimo vile. Nasema kwamba maabara isiyoweza kuwashikilia watu wake haiwezi kushikilia ubora wake, na kwa hiyo malipo ni sehemu ya usalama wa mgonjwa, si zawadi kwa daktari.

Kuhusu mchangiaji wa kwanza, nakubaliana naye kwamba ahadi isiyoandikwa si ahadi. Lakini dawa yake sioni kuwa ni kuyaacha malezi na kushika fedha. Dawa ni kuyaandika malezi. Mkataba unaweza kusema ni mabingwa wangapi wenye uzoefu watakuwepo jengoni kila siku ya kazi. Unaweza kusema kwamba katika miezi sita ya kwanza kila utambuzi mpya wa saratani utasomwa na jicho la pili kabla ya ripoti kutoka, na kwamba idadi ya kesi itapanda kwa hatua zilizotajwa. Unaweza pia kusema nani atalipia bima ya makosa ya kitabibu baada ya daktari kuondoka, jambo ambalo vijana wengi hulikuta siku ya kuaga, wakati limekwisha kuwa deni. Haya yote yanaandikika, na mwajiri anayekataa kuyaandika amekwisha kutoa jibu.

Je, kijana ana nguvu ya kuyadai? Naamini anayo kuliko anavyodhani. Nchini Uingereza, sensa ya mwaka 2018 iliyofanywa na chuo cha kifalme cha wanapatholojia ilikuta ni asilimia 3 tu ya idara za histopatholojia (zinazosoma tishu) zilizosema zina watumishi wa kutosha. Marekani pana mvutano: utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha wanapatholojia wamepungua kutoka 15,568 mwaka 2007 hadi 12,839 mwaka 2017, kisha mwaka 2020 watafiti wengine wakaonyesha kwamba hesabu hiyo iliwaacha wengi wenye ubobezi na kwamba idadi halisi inakaribia 21,000. Hilo ni funzo kwa anayejadili mshahara kwa kutaja uhaba bila kuangalia waliohesabiwa ni nani. Lakini kusini mwa Sahara hakuna ubishi wa hesabu wa aina hiyo: wanapatholojia ni takriban sehemu moja ya kumi ya walioko katika nchi tajiri, ukilinganisha na idadi ya watu. Huko kijana anaweza kujikuta ndiye mkubwa wa jengo tangu siku ya kwanza, na ushauri wangu wa kutafuta chumba chenye wakubwa haumsaidii.

Kwake yeye nasema hivi. Slaidi sasa zinaweza kuchanganuliwa, yaani kugeuzwa kuwa picha za kidijitali, na kusomwa mbali. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mfumo wa kwanza wa slaidi za kidijitali kwa ajili ya kutoa utambuzi wenyewe wa ugonjwa. Mwajiri anayemweka bingwa mpya peke yake anaweza kumlipia mashine ya kuchanganulia, intaneti ya uhakika na mkataba wa ushauri na kituo kikubwa, na mambo hayo matatu yadaiwe sambamba na mshahara. Na mshahara wenyewe hapo uwe mkubwa, kwa sababu anabeba peke yake uzito ambao kwingine hubebwa na watu wanne.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Hapo tumekaribiana, lakini bado hatujafika. Umeyaandika yote, mwajiri ametia saini, na mwezi wa tatu bingwa mwenye uzoefu anahama na nafasi yake haijazwi. Mkataba huohuo una kifungu kinachomkataza kijana kufanya kazi karibu na hapo kwa miaka miwili, na kingine kinachomtaka arudishe fedha ya kuhamia akiondoka mapema. Mpaka iandikwe kwamba mwajiri akivunja upande wake vifungu hivyo viwili vinakufa papo hapo, na daktari anaondoka bila kudaiwa, mimi nitaendelea kuwaambia vijana waanze na mshahara.